Modi ya M au Modi za Nusu-Otomatiki: Namna ya Kuamua Kabla ya Kubonyeza Shata

Weka kamera kwenye modi ya M, ambamo wewe unaweka kila kitu, zungusha magurudumu mpaka mshale wa mita ya mwanga usimame kwenye sifuri, kisha piga picha. Sasa hamia modi ya A, ambamo kamera huchagua kasi ya shata, acha tundu la lenzi na ISO vilevile, upige tena kitu kilekile. Picha mbili hizo zitatoka sawa, kwa sababu katika ile ya kwanza hukuamua chochote kuhusu mwanga: uliitii mita ileile ambayo kamera yenyewe iliitii katika ya pili, isipokuwa wewe ulitumia sekunde nne zaidi. Jaribio hili dogo linatosha kuondoa dhana iliyoenea kwamba mpigapicha aliyeiva hutumia M na anayejifunza hutumia modi nyingine. Nikon F3 ya mwaka 1980, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu waishio kwa kazi ya kamera, ilikuwa na modi ya A, na hakuna aliyewahi kuiita kamera ya kuchezea.

Kinachopaswa kuamua modi ni mwanga ulio mbele yako na kile unachokipiga. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvisoma viwili hivyo na kuchagua kabla tukio halijapita.

Kwanza, jua kila herufi inakuachia nini

Kiasi cha mwanga kinachounda picha huamuliwa na upana wa tundu la lenzi, muda ambao shata hubaki wazi, na ISO, ambayo ni kiwango cha kukuza kile kilichopokewa na kihisi. Vyote vitatu hupimwa kwa stopu, na stopu moja ni maradufu au nusu ya mwanga. Upana wa tundu huandikwa kwa f, na namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo: kutoka f/2.8 kwenda f/4 unapunguza nusu. Kutoka 1/250 ya sekunde kwenda 1/125 unaongeza maradufu. Kutoka ISO 400 kwenda 800 unaongeza maradufu vilevile. Ndiyo maana f/2.8 kwa 1/250 na f/4 kwa 1/125 hutoa picha zenye mwanga sawa, ingawa picha zenyewe hazifanani: tundu pana hutia ukungu mandhari ya nyuma na kukiacha kali kile ulichokilenga tu, na shata ya polepole huruhusu mwendo uonekane. ISO kubwa nayo huleta chengachenga.

Katika modi ya A, ambayo Canon na Pentax huiandika Av, wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi ya shata. Katika S, ambayo kwa kampuni hizo hizo ni Tv, unachagua kasi na kamera inachagua tundu. Katika P kamera huchagua vyote viwili, ingawa unaweza kuzungusha gurudumu ili upate jozi nyingine yenye mwanga uleule. Katika M unachagua vyote. Baadhi ya kamera za Fujifilm hazina gurudumu la modi kabisa. Herufi A huwekwa kwenye pete ya tundu na kwenye kizungushio cha shata, na modi hutokana na ipi kati ya hizo umeiacha kwenye A.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba katika A, S na P bado unayo kauli juu ya mwangaza wa mwisho, kupitia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, yaani fidia ya mwanga. Ukiweka +1, unaiambia kamera kwamba kipimo chake ni kidogo kwa stopu moja. Anayetumia A bila kukigusa kitufe hicho ndiye aliyeiachia kamera kazi yote; anayekitumia anaamua karibu kila anachoamua mtu wa M.

Pili, ujue udhaifu wa mita

Mita ya kamera haijui inatazama nini. Imetengenezwa kwa dhana kwamba, ukichanganya weupe na weusi wote uliomo ndani ya fremu, wastani wake ni kijivu cha kati, kile ambacho kwa desturi husemwa kuwa huakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Ukiielekeza kwenye ukuta mweupe, inadhani mwanga ni mwingi kupita kiasi na inaupunguza, na ukuta unatoka wa kijivu. Ukiielekeza kwenye koti jeusi, inadhani mwanga ni haba na inauongeza, na koti nalo linatoka la kijivu. Kamera za kisasa hugawanya fremu katika sehemu nyingi, na mpya zaidi hutambua hata nyuso, jambo linalopunguza makosa haya bila kuyamaliza.

Kosa linaloumiza zaidi ni la nyuso. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya anga angavu, mita hulitazama anga na uso wake unatoka giza tupu. Mtu huyohuyo akijaza fremu akiwa na mandhari nyeusi nyuma yake, mita humfanya awe mweupe kuliko alivyo na paji la uso huungua kwa mng'ao. Katika hali ya kwanza anza na fidia ya +1 au zaidi. Katika ya pili anza na −2/3 au −1. Kisha tazama histogramu, yaani grafu inayoonyesha giza na nuru vimegawanyika vipi ndani ya picha, wala si kioo cha kamera peke yake, kwa sababu kioo huonekana chenye giza ukiwa juani na chenye nuru ya kupita kiasi ukiwa gizani, na macho yako yatakudanganya pande zote mbili. Washa pia onyo la sehemu zilizoungua, lile linalopepesa juu ya picha, kwa maana weupe uliokwisha kuungua haurudi hata ukiuhariri kwa ustadi gani.

Tatu, jiulize maswali mawili

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Swali la kwanza: je, mwanga unaomwangukia ninayempiga unabadilika? La pili: je, weupe na weusi wa vitu vilivyomo ndani ya fremu unabadilika ilhali mwanga ni uleule?

Mwanga ukiwa unabadilika, kwa mfano mawingu yanapita, au mtu anatoka ndani kwenda nje, au unafuata msafara unaoingia na kutoka kwenye vivuli, modi za nusu-otomatiki zinakushinda kwa mbali, kwa kuwa hakuna vidole vinavyozunguka kwa kasi ya mita. Mwanga ukiwa umetulia lakini vitu vinabadilika, M ndiyo yenye akili zaidi, kwa kuwa mita itayumba bila sababu.

Tuchukue chumba chenye dirisha moja kubwa, ambamo bibi harusi amevaa gauni jeupe na bwana harusi suti nyeusi. Wamesimama umbali ule ule kutoka dirishani. Umeweka A, f/2.8, ISO 800. Ukimkaribia bibi harusi mpaka gauni likajaza fremu, kamera inaona weupe na kuchagua, tuseme, 1/500. Gauni linatoka la kijivu na uso wake una giza. Ukigeuka kwa bwana harusi, suti inajaza fremu, kamera inachagua 1/80. Suti inatoka ya kijivu, uso wake unaungua, na kwa kasi hiyo hata kugeuza shingo kunaacha ukungu. Ukiwapiga pamoja inachagua 1/200, na hiyo ndiyo pekee iliyo sahihi. Mwanga wa dirishani haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni nguo. Kwa M, ungeweka f/2.8, 1/200 na ISO 800 mara moja tu, kisha ungepiga picha mia bila kugusa gurudumu, na ngozi zao zingetoka sawasawa katika zote. Faida hiyo huonekana tena wakati wa kuhariri, kwa sababu marekebisho ya picha moja hunakiliwa kwenye nyingine zote.

Sasa watoe watu haohao nje kwenye mawingu yanayopasuka, halafu jua linachomoza, halafu linajificha. Mwenye M sasa anahangaika, na nimewahi kuwa mimi: nilitoka ukumbini nikifuata wageni, huku ISO ikiwa 3200 na kasi ikiwa 1/100, na picha kumi na tano za kwanza za nje zikatoka karatasi nyeupe. Kamera ilinionya kwa mshale uliokwama mwisho wa kipimo. Sikuutazama, kwa sababu nilikuwa nikitazama watu, kama inavyotakiwa.

Vikibadilika vyote viwili, mwanga na vitu, chagua A na ukae na kidole gumba kwenye fidia.

Nne, weka A kama makao yako

Kwa picha nyingi za kawaida, tundu ndilo lenye maana zaidi katika mwonekano, kwa hiyo A ni mahali pazuri pa kuishi. Lakini iwekee ulinzi, kwa sababu ina hila moja: mwanga ukipungua, hupunguza kasi ya shata bila kukuuliza, na unaporudi nyumbani unagundua kwamba picha za jioni zilipigwa kwa 1/8.

Ulinzi wenyewe ni ISO ya oto yenye mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni kasi ya chini ya shata, yaani ile ambayo kamera haitakiwi kuishuka kabla haijaanza kupandisha ISO. Kwa mtetemeko wa mikono, kanuni ya zamani husema kasi isiwe ndogo kuliko moja ya urefu wa fokasi, yaani 1/200 kwa lenzi ya milimita 200. Kwa kamera yenye kihisi kidogo cha aina ya APS-C ongeza nusu, ifike karibu 1/320. Kinga ya mtetemeko iliyomo kwenye lenzi au kamera hukuruhusu ushuke zaidi, lakini inatuliza mikono yako tu na haimtulizi mtu anayecheza dansi. Kwa watu wanaozungumza na kutembea taratibu naanzia 1/200, kwa watoto wanaokimbia 1/500. Mpaka wa pili ni ISO ya juu kabisa unayoweza kuivumilia, na hiyo uitafute mwenyewe: piga kitu chenye kivuli kwa ISO 1600, 3200, 6400 na 12800, kisha uzikuze picha kwa ukubwa unaotumia kweli. Wengi hushangaa kuona kwamba wameogopa chengachenga bure, na kwamba picha yenye chengachenga lakini kali ina thamani kuliko safi iliyo na ukungu. Angalia tu kwamba mpaka huo wa juu ukifikiwa, kamera nyingi zitaanza tena kushusha kasi.

Mwisho, jifunze kitufe cha kufunga kipimo, kile chenye AE-L au nyota. Elekeza kamera mahali penye mwangaza wa kati, kifunge, rudisha fremu, piga. Kwa picha moja au mbili ni haraka kuliko kuhamia M.

S, na mahali inapokwama

S inafaa pale ambapo mwendo ndio picha yenyewe. Kumfuata mwendesha baiskeli kwa kamera kwa 1/30 au 1/60 ili yeye awe mkali na nyuma yake pawe mistari, hiyo ni kazi ya S, kwa kuwa kasi ikipanda hadi 1/250 mistari inatoweka. Nje ya hapo naitumia mara chache, na sababu ni hii.

Shata ina kasi nyingi, kutoka 1/4000 au zaidi hadi sekunde 30, lakini lenzi ina matundu machache. Ukiwa kwenye A, kamera ina nafasi pana ya kutafuta jibu. Ukiwa kwenye S, inafika ukutani upesi. Umeweka 1/1000 na ISO 400 isiyobadilika, lenzi yako haifunguki zaidi ya f/5.6, wingu linapita: kamera haina tena cha kufungua, namba ya tundu inaanza kupepesa au neno Lo linatokea, na picha inapigwa hivyo hivyo, yenye giza. Upande wa pili ni maji ya maporomoko kwa nusu sekunde mchana wa jua: lenzi inafunga mpaka f/22, haina pa kwenda tena, na picha inaungua, mbali na kwamba kwa tundu dogo hivyo hata ukali wa lenzi hupungua. Tiba ya la kwanza ni ISO ya oto. Ya la pili ni kichujio cheusi mbele ya lenzi.

Tano, namna ya kuweka M bila kubahatisha

Ukishaamua kwamba mwanga umetulia, fuata mpangilio huu. Anza na kile ambacho picha inakidai: mtu mmoja, labda f/2.8, kundi la watu waliopangana safu tatu, f/5.6 au f/8. Kisha chagua kasi kulingana na mwendo. Mwisho ISO, mpaka mwangaza ufike.

Ufike wapi? Usikubali sifuri ya mita bila kuuliza imepima nini. Njia ninayoiamini ni kiganja. Nyosha mkono wako kwenye mwanga uleule unaomwangukia unayempiga, kiganja kikitazama kamera, kijaze fremu na upime. Viganja vya watu havitofautiani sana kwa weupe hata ngozi zao zikitofautiana, na kwa kawaida huwa na nuru zaidi ya kijivu cha kati kwa karibu stopu moja. Kwa hiyo weka mshale kwenye +1, si sifuri. Piga picha moja, tazama histogramu, rekebisha kwa theluthi moja au mbili za stopu, basi. Kipimo hicho kitadumu mpaka mwanga ubadilike.

Juani, ambako mwanga ni uleule saa nyingi, kuna kanuni ya zamani isiyohitaji mita: f/16, na kasi iwe moja gawanya kwa namba ya ISO. Kwa ISO 100 hiyo ni takriban 1/125 kwa f/16, ambayo ni sawa na 1/500 kwa f/8 au 1/1000 kwa f/5.6. Ukiijua, utagundua mara moja pale mita inapopotoka.

Onyo moja kwa wenye lenzi ya kuvuta inayoandikwa f/3.5–5.6: ukiweka f/3.5 kwenye 18 mm kisha ukavuta hadi 55 mm, tundu linajifunga lenyewe hadi f/5.6, na unapoteza stopu moja na theluthi bila kugusa chochote. Kwa lenzi hiyo, anza M yako kwenye f/5.6, na tofauti hiyo haitakusumbua.

M yenye ISO ya oto

Wapo wanaopiga ndege kwa f/6.3, 1/2000 na ISO ya oto, wakijitambulisha kuwa ni watu wa M. Ukweli ni kwamba mita ndiyo inayoamua mwangaza wao, kupitia ISO. Hii ni modi ya nusu-otomatiki iliyovaa herufi nyingine, na Pentax waliipa jina lake la haki, TAv. Ni nzuri mno kwa michezo na wanyama, ambako tundu na kasi vyote vina ulazima. Lakini udhaifu wote wa mita umebaki: ndege mweupe juu ya maji meusi ataungua. Hakikisha kwamba fidia ya mwanga inafanya kazi katika M ya kamera yako, kwa sababu baadhi ya kamera za zamani hazikuiruhusu, na kama hairuhusu, funga ISO na urudi kwenye M kamili pindi mwanga unapotulia.

Pale ambapo M haina mshindani

Picha za kuunganisha ili kupata mandhari pana: funga tundu, kasi, ISO na rangi ya mwanga, la sivyo mishono itaonekana angani. Nyota na fataki: mita haina cha kusoma, anza na sekunde 20, f/2.8 na ISO 3200 kwa nyota, na sekunde 2 hadi 4, f/8 au f/11 na ISO 100 kwa fataki, kamera ikiwa juu ya stendi.

Fleshi inastahili maneno zaidi. Ukitumia A pamoja na fleshi, baadhi ya kamera hushusha kasi ili mandhari ya nyuma nayo ionekane, na mtu akisogea anatoka na kivuli cha mzimu. Kwa M unaweka kasi isiyozidi ile ya kuoana na fleshi, mara nyingi 1/200 au 1/250, unaacha mshale kwenye −1 au −2 ili nyuma pawe na giza kidogo, na fleshi ya oto inammulika mtu. Studioni, ambako fleshi ndiyo mwanga wote, zima pia uigaji wa mwangaza kwenye kidirisha cha kuchungulia, yaani ule unaokuonyesha picha kama itakavyotoka bila fleshi, la sivyo utatazama giza.

Taa za ndani nazo zina mtego. Umeme wa mzunguko wa hezi 50 hufanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde, na kamera ikiachiwa kuchagua kasi kwa A, picha moja itakuwa na nuru, inayofuata itakuwa na utepe wa giza. Weka mwenyewe 1/100 au 1/50, iwe kwa M au kwa S. Pale umeme ulipo wa mzunguko wa hezi 60, tumia 1/125 au 1/60.

Kabla ya kurudisha kamera begini

Makosa mengi ya modi hayatokani na uchaguzi wa sasa bali na mabaki ya jana. Rudisha gurudumu kwenye A, tundu kwenye f/5.6, ISO kwenye oto, fidia kwenye sifuri. Fidia hasa, kwa kuwa katika kamera nyingi haifutiki ukizima, na −2 ya machweo ya jana itakusubiri asubuhi. Kama kamera yako ina nafasi za kuhifadhi mipangilio, C1 na C2 au U1 na U2, weka A hiyo kwenye ya kwanza na M yako ya ndani kwenye ya pili, uweze kutoka ukumbini na kuingia juani kwa mzunguko mmoja wa gurudumu.